Jani, Mzizi na Sanduku la Dawa
Tiba za nyumbani na bustani za kaya Uchagani katika miaka ya mwanzo ya Injili



Katika maadhimisho ya miaka 100 kama haya, historia husimuliwa kwa kawaida kwa kufuata majengo na majina. Hutajwa mwaka lilipowekwa jiwe la msingi, siku ya ubatizo wa kwanza, wakati kengele ilipoletwa, na wachungaji waliofuatana mimbarani. Hayo yote ni mema na ya haki. Lakini iko historia nyingine isiyo na jiwe la msingi, nayo ni ya namna Wakristo wale wa kwanza walivyoishi kati ya Jumapili moja na nyingine: walipanda nini, walikula nini, na mtoto aliposhikwa na homa usiku wa manane mama yake alinyosha mkono wapi. Hotuba hii inahusu mkono huo.

Kihamba: ghala, jiko na duka la dawa

Mwanzoni mwa karne ya 20 kaya ya Mchagga haikuwa na duka la pembejeo wala duka la dawa. Ilikuwa na kihamba. Kihamba ni bustani inayoizunguka nyumba, iliyorithiwa toka kwa baba, ambamo mimea hupandwa kwa ngazi: juu ipo miti mikubwa ya kivuli, chini yake migomba, na chini kabisa mboga, magimbi, viazi vikuu na dawa. Mgeni aliyepita njiani aliona msitu. Mwenyeji aliona kila kitu mahali pake.

Pembejeo zote za bustani hiyo zilitoka ndani ya kaya au kwa jirani. Mbolea ilikuwa samadi ya ng'ombe waliofungwa ndani ya nyumba. Wanawake waliteremka tambarare kukata majani na kuyapandisha mlimani kwa kichwa, ng'ombe wakala, na samadi ikarudi shinani mwa mgomba. Maji yalikuja kwa mfongo, yaani mfereji uliochimbwa kutoka mtoni na kupitishwa ubavuni mwa mlima, ambao watu wa ukoo na mtaa waliusafisha kwa pamoja na kugawana zamu zake. Jembe lilifuliwa na wahunzi, na chuma chake kilitoka Ugweno katika milima ya Upare. Mche wa mgomba haukununuliwa. Mtu aliomba chipukizi kwa jirani, na mwakani jirani mwingine akaja kuomba kwake.

Mbegu zilitunzwa darini, juu ya moshi wa jiko, ambako wadudu hawakupapenda. Maharagwe yalichanganywa na majivu. Ulezi haukuhitaji hata hayo, kwa kuwa punje zake ndogo hukaa miaka mingi bila kubunguliwa, nao kwa sababu hiyo ulikuwa akiba ya njaa pamoja na kuwa nafaka ya mbege. Majivu yale yale yaliyohifadhi mbegu yalinyunyizwa juu ya mche ulioliwa na wadudu. Jiko moja lilipika chakula, likatunza mbegu na kulinda bustani.

Mlinzi wa tiba za nyumbani

Katika bustani hiyo hiyo ndimo dawa zilimoota. Ni vizuri kutofautisha tangu mwanzo kati ya mganga, ambaye alikuwa mtu wa kazi maalumu na aliyelipwa, na bibi wa nyumbani, ambaye hakuitwa mganga na hakulipwa. Sehemu kubwa ya maradhi ya kila siku ilikuwa mikononi mwa bibi. Yeye ndiye aliyejua mshubiri unaotuliza mahali palipoungua. Asali ya kikohozi. Kivumbasi cha kujifukiza kwa mafua na cha kufukuza mbu. Na ndulele chungu ya jino na tumbo. Jamaa mmoja wa kivumbasi alipewa na wataalamu wa mimea jina la mlima wenyewe, Ocimum kilimandscharicum, na ndani ya majani yake imo kafuri, ile ile ambayo hata leo hutiwa katika dawa za kupaka kifuani.

Mti wa msesewe unastahili neno la pekee. Gome lake huipa mbege uchungu wake, nalo pia lilichemshwa na kunywewa kwa homa. Wanasayansi wanauita Rauvolfia caffra, na ni ndugu wa mmea wa India, Rauvolfia serpentina, ambao mwaka 1952 ulitolewa reserpini, dawa iliyotibu shinikizo la damu duniani kote. Msesewe nao una kemikali za jamii hiyo. Kwa hiyo bibi aliyepima kipande cha gome kwa urefu wa kidole chake hakuwa akicheza. Alishika kitu chenye nguvu, na alijua kwamba kikizidi kinadhuru.

Lakini tiba kubwa kuliko zote ilikuwa matunzo ya mzazi. Mwanamke aliyejifungua aliwekwa ndani kwa muda wa miezi kama mitatu, asiteke maji wala kubeba majani ya ng'ombe. Alipikiwa mtori, na alipewa mlaso, ambao ni damu ya ng'ombe iliyopikwa pamoja na maziwa au samli. Mtu wa leo aliyesomea lishe ataona mara moja kwamba mama aliyepoteza damu alirudishiwa madini ya chuma, mafuta na nguvu. Wazee hawakuyaita hivyo. Walisema tu kwamba mzazi lazima ajae tena.

Na lilikuwapo jani ambalo halikunywewa wala kupakwa. Isale lilipandwa mpakani mwa vihamba, na mtu aliyemkosea mwenzake alilitumia kuomba msamaha. Aliyeletewa isale hakuweza kulikataa kwa wepesi. Bustani hiyo basi ilikuwa na dawa ya mwili, na pembeni yake ilikuwa na dawa ya ugomvi.

Sanduku la dawa linawasili

Mwaka 1893 wamisionari wa Leipzig walifika Machame. Mwaka 1894 walikuwa Mamba, na mwaka 1896 Moshi ya zamani, mahali panapoitwa Kidia. Pamoja na Biblia na vifaa vya ujenzi walibeba sanduku la dawa, kwa kuwa wao wenyewe waliogopa homa, na makaburi ya wamisionari katika vituo vingi vya Afrika yalikuwa shahidi wa hofu hiyo. Dawa kuu ya nyakati zile ilikuwa kwinini, iliyotenganishwa na wanakemia wa Ufaransa mwaka 1820 kutoka katika gome la mti wa sinkona wa Amerika ya Kusini. Inafaa kukumbukwa kwamba nayo ilikuwa gome la mti, na watu wa milima ya Andes ndio walioutambua mti huo. Kando yake yalikuwapo chumvi ya haluli na mafuta ya mbarika ya kuharisha, iodini ya vidonda, na bendeji.

Asubuhi nyingi barazani mwa misioni zilianza kwa foleni ya wenye vidonda. Funza alikuwa ameingia Afrika kutoka Amerika kupitia Angola mwaka 1872, na katika miaka ya 1890 alikuwa amefika pwani ya mashariki. Vidole vya miguu vilioza kwa sababu watu walikuwa bado hawajamzoea mdudu huyo. Buba nayo iliwatesa watoto. Wengi waliokuja kuoshwa kidonda walisikia Neno kwa mara ya kwanza wakiwa wameketi barazani hapo.

Misioni nayo ilikuwa na bustani yake. Kahawa ilifika mlimani kwanza kupitia mapadri Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu huko Kilema, kisha vituo vya Kilutheri vikaipanda na kuieneza. Mboga za Ulaya, viazi mviringo na miti mipya kama mkaratusi vikaanza kuonekana. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha taasisi ya utafiti wa mimea huko Amani, Usambara, ambako mimea ya mabara mengi ilijaribiwa, pamoja na mti wa sinkona. Hivyo katika miaka hiyo michache kihamba kilipokea wageni wengi, kikawapa nafasi chini ya kivuli chake. Kahawa haikufukuza mgomba. Ilipandwa katikati yake.

Swali la "nini" na swali la "nani"

Kilichowezekana katika bustani hakikuwa rahisi katika dawa. Wakati ule ugonjwa ulipozidi, kaya iliuliza maswali mawili. La kwanza lilikuwa: ni nini kinachomwuma? Hilo lilijibiwa na jani, mzizi na chakula. La pili lilikuwa: ni nani aliyemfanya augue? Hilo lilipelekwa kwa mpiga ramli, naye akajibu kwa kutaja mzimu uliodai kafara, au jirani aliyedaiwa kuwa mchawi.

Kanisa lilifanya kazi ya Injili lilipolikataa swali la pili. Jibu lake lilivunja koo, lilifukuza wajane katika vihamba vyao, na liliwafunga watu katika hofu ambayo haikuwa na mwisho, maana mzimu uliopewa mbuzi leo ulidai tena kesho. Mkristo aliyefunguliwa kutoka hofu hiyo alipokea uhuru wa kweli, na kizazi cha leo hakina haki ya kuudharau.

Hasara ilitokea pale maswali mawili yalipotupwa katika shimo moja. Neno "dawa" lilibeba yote: gome la homa na hirizi ya shingoni. Neno "uganga" vile vile. Mbatizwa aliyeogopa marudi hakuona usalama katika kufafanua. Aliona heri aache vyote, au aendelee na vyote kwa siri. Na jambo linapofanywa kwa siri haliwezi kusahihishwa. Bibi aliyekuwa na elimu safi ya majani alinyamaza mbele ya mwinjilisti, na mpiga ramli, ambaye hakuwa na haya, aliendelea kusema.

Wamisionari hawakuwa na sauti moja. Bruno Gutmann, aliyefika mlimani mwaka 1902 na kutumika miaka mingi Moshi ya zamani, aliandika kwa wingi juu ya sheria, mila na fikra za Wachagga, na alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Kanisa lijengwe juu yake badala ya kuvivunja. Maandishi yake yamehifadhi mambo ambayo vinginevyo yangekwisha kusahauliwa. Hata hivyo aliandika kwa Kijerumani, na bibi wa kihambani hakuwahi kusoma kilichoandikwa juu yake.

Sanduku linafungwa

Jaribio la kweli lilikuja na Vita Kuu ya Kwanza. Meli za Waingereza zilifunga pwani, na dawa za Ulaya zikaadimika katika koloni lote. Hapo Wajerumani wenyewe walirudi kwenye gome. Taasisi ya Amani ilitengeneza kwinini kutokana na miti ya sinkona ya Usambara, na askari porini walinywa maji machungu ya gome lililochemshwa, ambayo kwa mzaha waliyapa jina la jemadari wao, Lettow. Wasomi wa taasisi hiyo, pamoja na maabara zao, walifanya kile ambacho bibi wa msesewe alikuwa akikifanya jikoni.

Mwezi wa Machi 1916 majeshi ya Uingereza yaliichukua Moshi. Vijana walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, na maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 1918 na 1919 ikapita homa ya mafua iliyoizunguka dunia. Mwaka 1920 wamisionari wa Leipzig waliondolewa. Wamisionari wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani walikuja kusaidia, na Wajerumani walianza kurudi katikati ya miaka ya 1920. Katika kipindi hicho mzigo wa sharika uliwaangukia walimu na wazee wa Kanisa wenyeji, ambao waliendesha ibada, wakafundisha watoto na kuzika wafu.

Katika historia za sharika, kipindi hiki hutajwa kwa heshima kuwa ndipo Kanisa liliposimama kwa miguu yake. Ni kweli, na neno moja liongezwe: lilisimama pia kwa miguu ya kihamba. Sanduku la dawa lilipokuwa tupu, aliyemlaza mgonjwa, akamfukiza, akampikia mtori na kumwosha kidonda kwa maji ya moto na mshubiri alikuwa mama wa nyumbani. Ibada iliendelea kwa sababu mwalimu alibaki, na mwalimu aliishi kwa sababu kulikuwa na ndizi, mboga na jani mlangoni pake.

Mipaka ya jani na mipaka ya sindano

Pamoja na hayo, haifai kuwapamba wazee kwa uongo. Makaburi ya watoto wachanga katika vihamba vile yalikuwa mengi. Hakuna jani lililozuia ndui. Chanjo ndiyo iliyoizuia, hata ikatokomezwa duniani. Hakuna mzizi uliotibu buba kama sindano zilizoanza kuenea Tanganyika katika miaka ya 1920, zilizofunga vidonda vya miaka kwa siku chache. Mzazi aliyekwama katika uchungu alihitaji mkunga aliyefunzwa na daktari wa upasuaji, wala mlaso haukumsaidia.

Lakini sindano nayo ilizaa ushirikina wake. Watu walioona buba ikiponywa kwa sindano walianza kuidai kwa kila maumivu, na ambaye hakuchomwa alirudi nyumbani akinung'unika kwamba hakutibiwa. Swali la "nini" lilisahauliwa tena, kwa njia nyingine. Hirizi haina lazima ya kuwa ya ngozi. Hata chupa ya hospitali yaweza kugeuzwa hirizi na mtu asiyeuliza inatibu nini na kwa kipimo gani.

Maandiko yanafundisha kiasi katika jambo hili. Mfalme Hezekia alipougua, nabii Isaya hakumletea neno la Bwana tu; aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu lake (2 Wafalme 20). Mtume Paulo alimshauri Timotheo juu ya mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo (1 Timotheo 5). Na katika kitabu hicho hicho cha Wafalme (2 Wafalme 4) mtu mmoja alichuma matango ya porini asiyoyajua, akayatia chunguni, na wana wa manabii wakakaribia kufa. Jani la Mungu ni jema, lakini asiyelijua na asilichume. Dkt. Martin Luther naye, katika tauni ya Wittenberg ya mwaka 1527, aliwaandikia Wakristo kwamba watumie dawa, wafukize nyumba zao, na wasiende bila sababu mahali penye maradhi. Kudharau dawa alikuona kuwa ni kumjaribu Mungu. Mkewe, Katharina von Bora, alikuwa na bustani na aliwauguza wagonjwa nyumbani mwake. Mama wa kihambani na mama wa Wittenberg wangeelewana bila mkalimani.

Mwaka 2011

Mwaka 2011 ulileta mambo mawili yanayostahili kuwekwa pamoja. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitambua vihamba vya Shimbwe Juu, mkoani Kilimanjaro, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Na mwaka huo huo, huko Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alitoa kikombe cha maji ya mzizi wa mti wa mugariga kwa shilingi 500, na umati wa watu ukajipanga kwa kilomita nyingi. Wako waliokufa njiani na katika foleni, na madaktari walionya juu ya wagonjwa walioacha dawa za hospitali.

Hukumu ya roho za watu ni ya Mungu. Lakini umati ule ulifundisha kwamba swali la mwanzo wa karne ya 20 halijafungwa. Kanisa ambalo halikuwafundisha watu wake kupambanua jani na ahadi zinazotundikwa juu ya jani, lisishangae watu hao wanapokimbilia kikombe kimoja kwa maradhi yote. Bibi wa zamani hakuwa na dawa moja ya maradhi yote. Alikuwa na jani la kikohozi na jani la kidonda, na alipofika mwisho wa ujuzi wake alisema amefika mwisho.

Kazi iliyobaki

Katika karne ya pili ya usharika, kazi tatu zinangoja, na kila moja iko ndani ya uwezo wa jumuiya za kawaida.

Ya kwanza ni kuandika. Kila jumuiya iwatafute wazee wake, hasa akina bibi, na kuandika jina la mmea kwa Kichagga na kwa Kiswahili, sehemu inayotumika, kipimo chake, na hatari yake. Wataalamu wa kuipima elimu hiyo wapo. Muhimbili walianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili tangu mwaka 1974, na sheria ya nchi ya mwaka 2002 imeweka utaratibu wa tiba za asili. Kisichoandikwa kitazikwa pamoja na mwenye nacho.

Ya pili ni kupambanua hadharani. Mafundisho ya kipaimara na semina za akina mama ziseme waziwazi: jani si dhambi, ramli ni dhambi, na kumwachisha mgonjwa dawa ya daktari kwa jina la Yesu si imani. Kanisa lililojenga hospitali, na lililoshiriki katika kuanzishwa kwa KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, halina sababu ya kuona haya mbele ya daktari wala mbele ya bibi.

Ya tatu ni kupanda. Vihamba vimegawanywa mara nyingi kati ya wana, hata vingine vimebaki upana wa ua. Miti ya kivuli imekatwa, na msesewe si rahisi kuuonyesha kwa mtoto wa leo. Eneo la kanisa lipate kona yenye mshubiri, kivumbasi, msesewe na isale, kila mmea na kibao cha jina lake, ili watoto wa Shule ya Jumapili wajue walikotoka.

Isale lipandwe la kwanza. Miaka 100 haikupita bila makosa kati ya Kanisa na wanawake waliotunza uhai wake bila kutajwa katika kitabu chochote, na jani hilo ndilo wazee walilolijua kuwa la kuombea radhi.

Bwana, aliyeuotesha mti na kumpa binadamu akili ya kuutumia, aubariki usharika huu, bustani zake na wagonjwa wake, kizazi hata kizazi. Amina.